Jiwe nyuma ya tairi: barua kwa mdogo wangu aliyesema "mi basi tena"

Mdogo wangu,

Ile voisi yako ya dakika 9 nimeisikiliza yote, tena mara mbili. Mwishoni pale uliponyamaza nikajua mtandao umekata, kumbe ulikuwa unavuta pumzi, halafu ukasema "dada, mi basi tena, kila kitu naanza vizuri naishia njiani". Ningeweza kukujibu hukohuko tukayamaliza, lakini nimeona niandike hapa, jina lako sitaji usijali, maana hilo unaloona ni lako peke yako ni la wengi na mimi mwenyewe ninayejifanya kushauri nimo humohumo.

Sasa usitegemee nikuambie haba na haba hujaza kibaba. Hiyo umeisikia tangu darasa la kwanza na haijakusaidia, na sababu naijua. We haba huna shida nazo kabisa. Si uliniambia mwenyewe siku 9 mfululizo ulikaa na riseachi yako, kila siku kaukurasa, mpaka ukafikisha kurasa 11, mzuka ukapanda ukatafuta na daftari la malengo ukaandika mengine sita humo ndani. Siku ya 10 ukarudi umechoka, umegombezwa kazini, ukasema leo napumzika kesho nitafidia mbili. Kesho ukawa unadaiwa mbili, keshokutwa tatu, ikifika Ijumaa deni limekuwa kubwa hata faili lenyewe unaona aibu kulifungua. Si ndivyo? Hapo hapakuwa na uvivu wala nini, ulijiwekea riba mwenyewe.

Unakumbuka siku ile gari la mjomba lilipogoma kuwaka katikati ya mlima? Nyuma kuna kona na mtaro, kurudi haiwezekani, ikabidi tulisukume mpaka juu. Wakubwa wote nyuma, mjomba yuko pembeni mlango wazi, mkono mmoja kwenye usukani. We ulikuwa na miaka kama saba hivi, ukalia unataka kusukuma na wewe, mjomba akakupa jiwe. Kazi yako ilikuwa moja tu, unatembea nalo kando ya tairi la nyuma, sisi tukisema "haya pumzika" unaliingiza chap nyuma ya tairi gari lisiturudie. Mi mikono inatetemeka, jasho linaingia machoni, nikisikia tu lile tairi limekaa kwenye jiwe, ile kriiik ya mchanga kusagika, naachia nguvu zote nainama nashika magoti. Tunapumua. Tunasukuma tena hatua kumi na tano, jiwe. Kumi, jiwe. Kuna sehemu tulisukuma hatua tatu tu, mjomba anacheka anasema hizo nazo ni zetu. Tulipofika juu likateremka lenyewe likawaka, wasukumaji tukasifiwa weee, aliyekuwa na jiwe hakuna aliyemtaja.

Nimekuwa nikiliwaza hilo jiwe tangu jana usiku.

Kwa sababu ukiangalia watu wanaotoa ushauri wa malengo, karibu wote wanakufundisha kusukuma. Amka saa kumi na moja alfajiri, panga ratiba, gawanya kazi vipande vidogo, sukuma, sukuma. (Hao wa saa kumi na moja nina ugomvi nao wa siku nyingi, wengi ukiwachunguza wanalala saa tatu na kuna mtu mwingine anawalelea watoto, lakini tuyaache.) Vipande vidogo sawa, nakubali, kuanza ndo kugumu. Hata kwenye fizikia kitu kilichosimama kinataka nguvu nyingi kukianzisha kuliko kukiendeleza kikishaanza kutembea, ndo maana gari hatua ya kwanza inawatoa macho watu wanne halafu likishashika mwendo wawili wanatosha. Ila hakuna anayekuambia ufanye nini pale mikono inapokufa ganzi katikati ya mlima. Na mikono itakufa ganzi, hilo halina mjadala, utaumwa, utapata msiba, utaachwa, bosi atakuchanganya, au utaamka tu siku hiyo stimu hamna na sababu huijui.

Nikwambie yangu ambayo sikuwahi kukwambia. Unakumbuka ile kozi niliyokuwa nasoma kwa njia ya masafa, nikawaambia nyumbani mtihani umeahirishwa? Haukuahirishwa. Sikwenda. Nilikuwa nimebandika kalenda ukutani, kila siku niliyosoma lisaa limoja naweka alama nyekundu, nikafikisha siku 41 bila kuruka hata moja, nikawa najiona kiumbe wa ajabu sana. Halafu tukapata ule msiba. Siku tatu sikusoma. Niliporudi nikakuta vile vibox vitatu vyeupe vinaniangalia, na badala ya kuona alama nyekundu 41 nikawa naona vile vitatu tu. Nikaning'iniza koti juu ya kalenda. Seriasi, nikatundika koti hapo nisiione, na koti lilikaa hapo miezi minne.

Baadaye nikaja kugundua huo ugonjwa umeshachunguzwa. Mwaka 1975 kuna watafiti wawili, Peter Herman na Deborah Mack, waliwachukua watu wanaojizuia kula na wasiojizuia, wengine wakanyweshwa milkisheki kwanza, wengine hawakupewa kitu, halafu wote wakaletewa aiskrimu waonje kiasi wanachotaka. Wasiojizuia, wakishakunywa milkisheki wanakula aiskrimu kidogo, kawaida, wameshiba. Wanaojizuia ikawa kinyume, walionyweshwa milkisheki ndo wakala aiskrimu nyingi zaidi, maana kichwani dayati imeshaharibika leo, kuna nini tena cha kulinda. Wenyewe wana jina lao la kitaalamu, sisi la kwetu lipo zamani: potelea mbali. Wewe siku ya 10 ulisema potelea mbali, mimi nilitundika koti, ni kitu kilekile.

Na kinachouma ni kwamba siku moja yenyewe haina madhara ya maana. Kuna utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa pale University College London uliochapishwa 2010, waliwafuatilia watu 96 kila mmoja na kajambo kake kadogo ka kila siku, wengine kunywa maji, wengine mazoezi. Wastani wa jambo kuwa mazoea ukatoka siku 66, ila watu walitofautiana sana, wa haraka 18, na kuna aliyekadiriwa angehitaji 254. Kwa hiyo zile siku 21 unazoshikiwa fimbo nazo mitandaoni achana nazo, zinaanzia kwa daktari mmoja wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, aliyeandika 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua kama siku 21 kuzoea sura mpya. Sura, mdogo wangu, sio riseachi! Lakini nilichokitaka mimi kwa hao kina Lally ni kingine, waliona kwamba kuruka siku moja hakukuharibu mazoea kujengeka. Ukiruka moja ukarudi, uko palepale. Shida ni koti.

Kwa hiyo nikabadilisha, nikatafuta jiwe. Jiwe langu lilikuwa hivi: nikishavua viatu jioni, kabla sijakaa, nafungua notsi nasoma swali moja la zamani kwa sauti. Kusoma swali tu, kulijibu sio lazima. Nikisharidhika nafunga. Siku nzuri nilikuwa nalijibu, nachukua na la pili, najikuta saa tano usiku bado niko mezani, na siku mbaya nasoma swali nikiwa nimesimama, viatu mkononi, nakwenda kulala na dhamiri safi kabisa. Kuna siku nina homa nililisoma kitandani kwenye simu, herufi zinacheza, sikuelewa hata neno moja. Ikahesabika. Kwa miezi kama saba hivi sidhani kama nilisoma sana kuliko wale wa lisaa limoja, ila sikuwahi tena kufika mahali pa kuanza upya, na mtihani nilikwenda safari hii.

Jiwe lako linatakiwa liwe dogo kiasi gani? Usilipime siku ukiwa na mzuka, hapo utachagua jiwe la kubebwa na watu watatu. Lipime siku umerudi hoi na kichwa kinagonga, ujiulize hiki nakiweza sasa hivi? Kama jibu ni "nitajitahidi" basi ni kikubwa, punguza. Kwa hiyo riseachi yako mi nadhani kufungua faili na kuandika sentensi moja inatosha, hata mbovu, hata "sura hii sijui naielekeza wapi". Na usilipandishe cheo! Hapo ndo nilipokosea mara ya kwanza nilipojaribu, wiki tatu zimeenda vizuri nikajiambia sasa swali moja ni utoto, niweke matano, wiki iliyofuata nikakwama. Kusukuma sukuma unavyotaka, ukiweza kurasa nane andika nane, ila jiwe linabaki lilelile. Kesho yake deni ni sentensi moja, haijalishi jana ulifanya nini, na ukiruka siku mbili deni bado ni sentensi moja. Hamna kufidia.

Kingine kinachosaidia, ukiwa unaacha usiku acha katikati. Usimalize aya. Mwaka 1928 Maria Ovsiankina alikuwa anawapa watu kazi ndogondogo halafu anawakatisha kabla hawajamaliza, na wakipata tu nafasi wengi walikuwa wanairudia wenyewe bila kuambiwa. Mi naacha sentensi imekatika kabisa, naandika "kwa sababu" halafu nafunga laptopu, kesho mkono unawasha.

Halafu hii ya "naanza tena sifuri" naomba uifute. Una kurasa 11. Kuna jaribio moja la Joseph Nunes na Xavier Drèze, 2006, sehemu ya kuoshea magari, wateja wakapewa kadi za kugongewa mihuri, ukijaza unaoshewa bure. Nusu ya kadi zilitaka mihuri 8. Nusu nyingine zilitaka 10 ila 2 zimeshagongwa tayari. Kazi ni ileile, 8 na 8, lakini waliojaza kadi tupu walikuwa asilimia 19, na wale wa mihuri miwili ya bure asilimia 34. Mtu anayejiona ameshaanza anakazana. Sasa wewe una mihuri 11 halali, hata sio ya kupewa, halafu unakaa unaniambia sifuri, unanichekesha kwa kweli.

Kuna mambo mawili nitayasema upesi maana najua utanuna. Moja, hayo malengo saba kwenye daftari ni magari saba mlimani na we una jiwe moja, chagua. Mi ningechagua riseachi, sita yakae kwenye daftari hayaozi. Pili, lile la kukimbia asubuhi halikuwa lako, lilikuwa la yule rafiki yako, liache kwa amani bila kujiandika kwenye orodha ya waliofeli. Kuna magari mengine ya watu, sio lazima yote uyasukume.

Na sisemi jiwe linamaliza mlima. Msimamizi wako akikupa tarehe ya mwisho itabidi usukume kweli, ulale saa nane za usiku, macho mekundu, hiyo haikwepeki na mi mwenyewe nitakukalia kooni. Nachosema ni kwamba siku hiyo ikifika faili liwe bado la moto mkononi, sio unaanza kutafuta ulilisevu wapi.

Haya. Sa hivi najua umelala chali simu iko juu ya uso unasoma hii. Fungua lile faili, usisome ulichoandika nyuma, teremka mpaka mwisho kabisa kwenye ukurasa wa 11, andika sentensi moja, piga skrinshoti unitumie. Skrinshoti tu, bila maelezo, voisi ya dakika 9 nyingine siipokei. Niko macho.

Dada yako