Eko ya mama na lile neno uliloniuliza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata. Kwanza mpe mama pole yangu, mwambie namkumbuka. Na wewe je? Mama yuko ndani anafanyiwa eko ya moyo, mwanawe yuko kwenye benchi anawaza neno lenyewe limetoka wapi! Hubadiliki.

Basi eko ni mwangwi huu huu tunaoujua, sauti inayogonga ukuta au jabali ikarudi. Ukuta ukiwa karibu, chini ya mita 17 hivi, huusikii mwangwi kando, kwa sababu sauti hukimbia kama mita 340 kwa sekunde, na sikio huchanganya sauti zinazofuatana ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika kipimo cha mama hakuna anayesikia chochote: kile kidude wanachokipitisha kifuani na jeli hutoa sauti nyembamba mno kwa sikio la mtu, ikagonga kuta za moyo na vali zake, ikarudi, kompyuta ikachora. Walioanza ni Inge Edler na Hellmuth Hertz, huko Uswidi, mwaka 1953, kwa mashine iliyotengenezwa kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Usimwambie mama hilo.

Neno ni la Kiyunani, ekho, ndugu wa ekhe, yaani sauti au kishindo. Likapita kwenye Kilatini, likasambaa Ulaya nzima. Wayunani walimfanya Echo kuwa binti wa milimani. Mshairi wa Kirumi Ovid anasimulia kwamba Echo alimzuga mungu wa kike Juno kwa porojo ndefu, ili mumewe Juno asifumaniwe na wasichana. Juno alipogundua, akamlaani asiweze kusema neno lake mwenyewe, ila kurudia ya mwisho ya mwenzake. Akampenda kijana mmoja mzuri, Narcissus, akakataliwa, akakonda hadi ikabaki sauti tupu. Adhabu kali kwa kosa la mume wa mtu mwingine, lakini tuyaache.

Sasa sikia lililonifanya nikuandikie usiku huu huu. Ukichukua ekho hiyo hiyo, ukaitanguliza kata, yaani chini, unapata kitenzi katekhein, kufundisha mtu kwa mdomo. Ndipo walipotoka katekista, mwalimu wa dini kanisani, na katekisimu, mafundisho yake ya maswali na majibu! Unakumbuka tulivyojipanga, swali likisomwa, sisi tunarudisha jibu kwa sauti moja, nusu yake hatuielewi? Tulikuwa mwangwi wa kulipwa peremende.

Waarabu wao husema sada. Kabla ya Uislamu iliaminika kwamba mtu aliyeuawa bila kulipiziwa kisasi hutokwa na ndege kichwani, naye hulia, "Ninywesheni!" Ndege huyo pia aliitwa sada, na neno hilo hilo lina maana ya kiu. Kwa Kiebrania cha marabi wa kale mwangwi uliitwa "binti wa sauti", na watu wa kale wa Skandinavia waliuita usemi wa vibeti. Yaani kila mahali mtu alipiga kelele, akajibiwa, akaamini kuna mtu ng'ambo.

Kiswahili hakikumweka mtu. Tunasema mwangwi unarudi, si anarudi. Wingi wake miangwi. Uko kundi moja na moto, moshi, mto na mwendo, vitu visivyo na uhai lakini havitulii mahali pamoja. Mimi napenda zaidi hivyo kuliko binti wa Ovid. Anayepiga ukelele bondeni ni mimi, na anayejibu ni mimi, sina haja ya kumsingizia mtu.

Majibu ya eko yakitoka niandikie. Zile namba za kwenye karatasi mwachie daktari. Wewe niambie tu kama mama anapanda ngazi bila kusimama katikati.

Ni mimi,
rafiki yako wa benchi la nyuma