Mwanangu, Kasi Hiyo Ipeleke Uwanjani

Mwanangu,

Salamu kutoka Voi. Sisi ni wazima. Mama yako ameniomba nikuandikie nikiwa nimetulia, ndiyo maana barua hii imechelewa.

Binamu yako alinionyesha ile video. Taa inageuka kijani, Subaru Impreza yako inaruka, na yule wa bodaboda kushoto kwako bado hajainua mguu kutoka chini. Ungesogea nusu mita upande wake, sijui leo ningekuwa naandika barua ya namna gani. Sikuelewi. Una kazi, unamlipia dada yako karo bila kuombwa, halafu usiku unashindana kwenye taa za barabarani na watu usiowajua hata majina.

Kuondoka kwenyewe kulikuwa kuzuri, sitakuficha. Tairi hazikulia, pua haikuyumba, na gia ya pili iliingia bila kugugumia. Mguu wa kushoto unao. Nani alikuonjesha utamu huo ungali mdogo, najua, na mama yako anajua pia, kwa hiyo tuyaache. Ninachotaka ni uniahidi kwamba barabarani hutarudia. Uwanjani fanya utakavyo.

Tena sikia jambo ambalo marafiki zako hawakuambii. Gari lako linasukumwa na magurudumu yote manne, nao wanadhani hiyo ni kinga. Gari linalosukumwa na magurudumu mawili tu ukiliachia klachi ghafla, tairi zitajizungukia na nguvu itapotelea hapo. Lako halina pa kuipotezea. Kwenye lami kavu tairi zote nne zinashika, kwa hiyo kishindo chote kinarudi ndani: kwenye sahani ya klachi, kwenye meno ya gia ya kwanza, kwenye difu inayogawa nguvu kwa magurudumu. Kwenye changarawe tairi huteleza kidogo, na kule kuteleza ndiko kunakookoa meno. Kwa hiyo pale kwenye taa ulimhatarisha mtu wa watu, na gari ambalo hujamaliza kulilipia ukalipiga pale linapoumia zaidi.

Na usiniambie kwamba madereva wa Safari Rally walikimbia barabara zikiwa wazi. Ni kweli. Hadi 2002 magari yale yalipita kwenye barabara zilizokuwa na mabasi, ng'ombe na watoto wa shule, hata huku kwetu Taita. Lakini timu kubwa zilikuwa na helikopta iliyotangulia angani kumwambia dereva kilichoko mbele. Wewe ulikuwa na nani angani? Isitoshe, ushindi wa Safari ya zamani haukupatikana pale mstarini. Joginder Singh alishinda 1965 na Volvo iliyokwishatumika, akashinda tena 1974 na 1976 na Lancer, na njia ilikuwa maelfu ya kilomita. Sekunde moja ya kuondokea ingemfaa nini? Kazi ilikuwa kufika na gari zima. Na mashindano yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, kule Naivasha, sehemu za mbio zilifungwa kwa watu wengine.

Kwenye otokrosi, zile mbio fupi za magari kwenye uwanja wa vumbi, ndiko sekunde hiyo ina thamani, kwa sababu mzunguko wenyewe ni mfupi. Umesema utajiandikisha. Jiandikishe. Pesa ya helmeti nitachangia.

Basi sikiliza. Ukifika mstarini ingiza gia ya kwanza mapema, usingoje kuhesabiwa ndipo uitafute. Klachi chini kabisa, breki ya mkono juu. Pandisha resi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, hadi 3,500 hivi uishike hapo, sauti iwe moja, isipande na kushuka. Vumbi likiwa laini, punguza. Zikibaki sekunde mbili, inua mguu wa kushoto hadi klachi ianze kushika: utasikia injini inazama kidogo na gari linakaza kiuno. Hapo usikae, maana unaiunguza. Ukiruhusiwa, shusha breki ya mkono na umalizie kuinua mguu kwa pumzi moja, huku wa kulia ukiongeza mafuta taratibu. Watu wengi hukosea hapo: wanauachia wa kushoto uruke kama umeguswa na moto. Tazama mshale wa resi. Ukianguka chini ya 2,000, umeachia haraka na gari linataka kuzima. Ukibaki juu na tairi zimetulia, klachi inateleza, na harufu itakufikia punde tu. Ukishaisikia harufu hiyo, simama, ipoe. Usijaribu tena papo hapo ati watu wanatazama.

Kabla ya yote hayo, ipime klachi. Mlimani, gia ya nne, kanyaga mafuta: resi ikipanda na spidi isipande, sahani imekwisha na hakuna otokrosi. Usimwachie fundi peke yake akuambie ni nzima. Keti mwenyewe kwenye usukani.

Lakini mlima huo uupande mchana, barabara ikiwa tupu, si usiku na hao wenzako. Narudia kwa sababu nakujua, ukinyamaza hujakubali. Yule wa bodaboda ana watu wanaomngoja nyumbani. Nawe pia.

Huku ndovu wameingia tena shamba la chini. Pojo zimekanyagwa, zilizobaki hazifiki gunia. Watu wa wanyamapori walikuja, wakapiga picha, wakaenda. Tangi la maji bado linavuja pale ulipolipaka simenti, lakini kidogo kuliko zamani, kazi yako haikuwa mbaya. Mama yako anataka ujue kwamba dawa za presha anazinywa, na mimi nataka ujue kwamba anazinywa nikimkumbusha. Ukija mwisho wa mwezi mletee zile za pakiti kubwa, huku duka linauza za siku chache chache na bei ni juu.

Njoo na gari hilo niipime klachi mwenyewe. Ondoka Nairobi alfajiri, usisafiri usiku na malori ya Mombasa. Na lile nililokuomba uniahidi, nijibu wewe mwenyewe kwa simu, usimtume dada yako.

Ni mimi,
Baba yako