YAH: KUZIMIWA SEVA MCHANA KWA SABABU YA RAM ILIYOKUWA IMESHAINGIA

Morogoro,
2 Februari 2026

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nianze na salamu, maana nimelelewa. Habari za kazi. Za kwetu si nzuri na mnajua kwa nini, kwa sababu tiketi yetu ya kuomba msaada ilikuwa kwenu tangu Ijumaa na mmeifunga wenyewe.

Masharti ya huduma yenu sitawasomea, mliyaandika ninyi. Nawakumbusha mstari mmoja tu, ule wa rangi ya kijani kwenye tangazo: "Ongeza RAM bila kuzima seva." Huo ndio tulioununua. Tarehe 28 tukalipa Sh 110,000 za nyongeza ili RAM ya seva yetu, ile kumbukumbu inayofanyia kazi, itoke GB 8 ifike GB 16 kabla ya siku ya mishahara. Chama cha akiba na mikopo siku hiyo kinakuwaje, naamini hamhitaji kuelezwa.

Ijumaa saa 4:10 asubuhi mliongeza kweli, sikatai. Nilikuwa mbele ya skrini. Nikaandika free -m, amri ya kuangalia kumbukumbu, nikaona ile ile ya zamani. Nikaandika lsmem, inayoiorodhesha kwa vitalu, yaani vipande vyake, mambo yakawa hadharani: ukubwa wa kitalu MB 128, kumbukumbu inayotumika GB 8, kumbukumbu iliyolala GB 8. Vitalu 64 vipya, vyote offline, yaani havijaanza kutumika. Yaani upande wa mtambo wenu kazi ilikuwa imekwisha. Kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi, imeshaiona RAM, imeipa namba, imeifungulia folda zake kwenye /sys/devices/system/memory. Kilichobaki ni kuuambia mfumo endeshi uanze kuitumia: kuandika neno online kwenye faili la state la kila kitalu, au amri moja ya chmem kwa vyote kwa mpigo. Hata chai haipoi. Ningefanya mwenyewe, ila nywila ya root, ile ya mamlaka yote ya seva, mmeikalia ninyi, ndiyo hiyo mnayoiita huduma kamili.

Nikapiga simu mara tatu bila kupokelewa. Saa 6:08 ikapokelewa. Fundi wenu wa zamu akasikiliza sentensi mbili, akanikatiza: "Dada yangu, hebu mpe simu fundi wenu niongee naye."

Fundi wetu ni mimi. Nikamwambia hivyo. Akasema seva "imegoma kusoma RAM", dawa yake kuizima na kuiwasha. Nikamwomba asizime. Saa 6:20 ikazimika.

Ikarudi saa 7:52. Katikati hapo diski zilikuwa zinakaguliwa kwa sababu mashine ilikatwa ghafla na hifadhidata ikiwa katikati ya kuandika. Waliotoka msikitini wakakuta madirisha yote matatu yana karatasi ya "Samahani, mtandao". Mama mmoja alisimama na fomu ya mkopo wa ada ameikunja mara nne mkononi, imeshasainiwa na wadhamini wote wawili, bado kubonyezwa tu. Shule ilimpa hadi saa nane. Siwadai ninyi ada yake. Nataka tu mjue alikuwapo.

Hili nilipaswa kulitaja mwanzo, hasira imenipeleka mbele. Saa 4:55, kabla hamjapokea simu yoyote, kerneli iliua hifadhidata kwa kuishiwa kumbukumbu. Logi ya matukio ya seva ninayo. Kila ukurasa wa RAM wa baiti 4,096 una rekodi yake ndogo ya baiti 64 ambayo kerneli lazima iitunze; kwa GB 8 inafika MB 128. Na kwa jinsi mlivyoiweka kerneli ya seva yetu, hizo zinakatwa kutoka kwenye RAM ya zamani, tena tangu dakika ile mpya inapoingizwa, iwe imeanza kutumika au haijaanza. Mmetujengea ghala, mkalipiga kufuli, daftari lake mkalirundika kwenye ghala la zamani lililokuwa limeshafurika. Sisemi ni MB 128 peke yake zilizoua hifadhidata. Tulishakuwa pembeni, ndiyo maana tulinunua. Lakini kwa zaidi ya saa mbili tulikuwa na nafasi ndogo kuliko kabla ya kuwalipa.

Mnisamehe, narudi kwenye simu. Siwezi kuiacha.

Nilikuwa nimeiweka kwenye spika, mhasibu wetu na makarani wawili wamesimama nyuma yangu. Nilimsomea fundi wenu majibu ya lsmem mstari kwa mstari, taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa maelekezo ya dawa. Nikafika kwenye neno offline. Akacheka. Si kicheko kikubwa, kile cha puani. Nikamsikia akimwambia mwenzake, "Kuna dada hapa amesomasoma mambo mtandaoni." Halafu akanirudia: "Dada yangu, hebu mpe simu fundi wenu niongee naye." Makarani wakatazama chini. Nimesimamia mifumo ya chama hiki tangu enzi za leja za karatasi. Hao makarani mimi ndiye niliyewafundisha kuingiza miamala. Nilikuwa nasema "tafadhali usizi" na simu ikakatwa. Neno lenyewe sikulimaliza.

Na ripoti yenu inasomekaje? "Mteja aliomba seva iwashwe upya. Tatizo limetatuliwa." Mteja aliomba! Dakika kumi baadaye ukaja ujumbe wa kuniomba niwape nyota.

Msiniambie kwamba seva ilivyorudi ilionyesha GB 16, kwa hiyo fundi alikuwa sahihi. Mashine ikiwaka upya kwa kawaida huichukua RAM inayoikuta, hilo sibishi. Hata anayevunja mlango huingia ndani. Tulilipia ufunguo.

Ninachodai ni hiki. Mturudishie Sh 110,000 za nyongeza ya mwezi huu. Mtuombe radhi kwa maandishi. Na muweke mpangilio wa kerneli wa auto_online_blocks kuwa online, au kanuni moja ya udev, ile programu inayoshughulikia vifaa vipya, ili RAM ikiongezwa siku nyingine ianze kutumika bila kusubiri hisani ya mtu wa zamu.

Hayo ndiyo niliyokusudia nilipokaa kuandika. Nikiisoma upya hiyo ripoti yenu naona hayatoshi. Mturudishie ada nzima ya mwezi, Sh 290,000. Ripoti isahihishwe, iandikwe kwamba mteja aliomba seva isizimwe na ikazimwa. Na mtukabidhi nywila ya root pamoja na nakala kamili ya data zetu, si baada ya mazungumzo, bali kabla ya Jumatatu tarehe 9 saa kumi jioni.

Jumatatu hiyo ikipita kimya, tunahama, na lile tangazo la kijani nitalipeleka Tume ya Ushindani nikiwa nimeliambatanisha na logi zangu na ripoti yenu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja. Mwanasheria wa chama ameshapewa nakala ya barua hii, na mkutano mkuu wa mwaka wa wanachama hauko mbali. Wengi wao wana maduka, na maduka siku hizi yana seva.

Mkiona vyema kunipigia kabla ya hapo, namba ni ile ile iliyo kwenye tiketi. Atakayepiga asiombe kupewa fundi. Ndiye atakayepokea.

Wenu katika kazi,

Msimamizi wa Mifumo

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi
Mwanasheria wa chama