Barua ya wazi kwa vijana mnaochoma sindano: liacheni kalio la mtoto

Wanangu wa zahanati na wa maduka ya dawa,

Naandika nikiwa na hasira, na sitaificha. Mtoto wa miaka minne ameletwa kwenye mazoezi ya viungo na viatu viwili visivyofanana: cha kulia kizima, cha kushoto kimelika pua mpaka kidole gumba kinachungulia. Akitembea, goti la kushoto linapanda juu kupita kiasi, halafu unyayo unaanguka sakafuni kwa kishindo, kwa sababu hauwezi kujikunja kwenda juu. Mama anaeleza kwa sauti ya chini. Mtoto alikuwa na homa, wakaingia duka la dawa, akachomwa sindano kalioni, akapiga yowe, na tangu siku ile mguu haujarudi. Aliyemchoma alimwambia dawa ni kali, itapoa.

Haikupoa. Na huyu si wa kwanza, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Hebu tukumbushane kilichomo ndani ya kalio. Mizizi mitano ya neva hutoka mgongoni, L4 na L5 za kiunoni, S1, S2 na S3 za chini yake, ikaungana kuwa neva ya siatiki, ambayo ni nene kuliko neva zote mwilini. Kwa mtu mzima upana wake ni karibu sentimita 2 inapotoka kwenye tundu la mfupa wa nyonga. Inapita chini ya msuli mkubwa wa kalio, katikati ya mfupa wa kukalia na ule mfupa wa paja unaojitokeza ubavuni mwa nyonga, kisha inashuka nyuma ya paja. Kwa kawaida hugawanyika juu kidogo ya goti. Tawi moja huenda nyuma ya mguu hadi kwenye nyayo. Jingine huzunguka shingo ya mfupa mwembamba chini ya goti, upande wa nje, na ndilo linaloamuru unyayo uinuke.

Neva yenyewe imefumwa kama kamba ya katani, nyuzi ndogo ndani ya mafungu, mafungu ndani ya ganda. Kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja tu, na kwa neva zinazoamuru misuli, kiini cha seli hiyo kiko ndani ya ugwe mgongo, karibu na usawa wa mbavu za mwisho. Kwa mtu mzima uzi unaofika kwenye misuli midogo ya unyayo una urefu wa karibu mita moja, bila kiungo. Nyuzi zenye kasi zimevikwa mafuta ya mailini na hupeleka ujumbe hadi mita 120 kwa sekunde. Zile nyembamba za maumivu ya kuunguza hazizidi mita 2. Ndiyo maana mtu hushtuka kwanza, maumivu yakafuata.

Sasa ukiingiza dawa ndani ya fungu la nyuzi, tundu la sindano ni dogo kuliko balaa lenyewe. Kinachoua ni dawa. Kwinini, penisilini, diazepamu, kloropromazini, diklofenaki, zote zikimwagwa ndani ya neva huunguza mailini na uzi wenyewe, na uharibifu huanza papo hapo. Baadaye kovu hukaza yaliyobaki. Nyuzi za tawi linaloinua unyayo hukaa upande wa nje tangu huko juu kalioni, na mafungu yake ni makubwa yenye nyama laini kidogo ya kuyakinga. Kwa hiyo ndizo zinazoumia kwanza, na ndiyo sababu karibu kila mtoto wa namna hii anatembea vilevile.

Najua mtanijibu: "Tulifundishwa robo ya juu, ya nje." Mlifundishwa, lakini wengi wenu mnaigawa sehemu isiyo yake. Suruali inashushwa vidole vitatu, unaona kinundu cha nyama, unakigawa kinundu hicho mara nne kwa macho. Kalio halianzi hapo! Linaanza kwenye ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, pale mtu anaposhika mikono kiunoni, na linaishia kwenye mkunjo wa chini. Ukigawa kinundu peke yake, "robo ya juu ya nje" yako imeshateremka na kusogea kuelekea neva. Njia ya kujikinga ni kutafuta mifupa kwa vidole. Tafuta kibonyeo kilicho juu ya kalio karibu na uti wa mgongo, tafuta mfupa unaojitokeza ubavuni mwa nyonga, vuta mstari kati yake. Sindano iwe juu na nje ya mstari huo. Mgonjwa alale kifudifudi, vidole vya miguu vikitazamana, ili misuli ilegee. Asisimame ameinamia kaunta huku unachoma kwa haraka kwa kuwa kuna foleni.

Na hayo ni ya mtu mzima. Kwa mtoto hesabu yote inavunjika. Kalio lake ni dogo, msuli haujanenepa, na akiwa na utapiamlo hakuna nyama ya kutosha kati ya ngozi na neva. Halafu mnamlaza mapajani kwa mama kifudifudi, nyonga imekunjwa, neva imevutika na kukaza, mtoto anapiga mateke, mama anaangalia pembeni. Mahali pa kukosea kwa sentimita moja tu, mnachoma mtoto anayerukaruka! Sioni sababu hata moja ya kumchoma mtoto kalioni. Hakuna.

Paja lipo. Kila mama aliyepeleka mtoto kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14 ameona chanjo ikichomwa pajani, na hakuna aliyeshangaa. Artesuneti ya malaria kali, isipowezekana kupitia mshipa wa damu, nayo huchomwa pajani upande wa mbele. Mama akae, mtoto akae mapajani mwake, mguu mmoja ubanwe kati ya mapaja ya mama, mkono wa mama uushike ule unaochomwa juu ya goti. Vua nguo paja lote lionekane. Ligawe mara tatu kutoka kwenye nyonga hadi goti, chukua theluthi ya kati, upande wa mbele kwa nje. Sindano ya milimita 25 iingie wima, nyuzi 90. Kwa mtoto mchanga usizidishe mililita 1 mahali pamoja. Dawa ikizidi, gawa kwa mapaja mawili. Upande huo hakuna neva kubwa wala mshipa mkubwa wa damu.

Kwa mtu mzima ninapendekeza ubavu wa nyonga badala ya nyuma. Mgonjwa alale kwa ubavu. Kwa nyonga ya kushoto tumia mkono wa kulia: kiganja juu ya mfupa unaojitokeza, kidole gumba kielekee kwenye kinena, cha shahada kiguse ncha ya mfupa wa nyonga mbele, cha kati ukitanue kufuata ukingo wa nyonga kwenda nyuma. Choma katikati ya pembe ya kidole cha shahada na cha kati. Kwa wanene, huko nyuma kalioni dawa nyingi huishia kwenye mafuta bila kuufikia msuli, kwa hiyo mnapoteza mara mbili.

Mengine kwa ufupi. Begani, vidole viwili hadi vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega, si chini ya hapo, na kamwe si nyuma ya mkono, kwani huko kuna neva inayonyanyua kiganja. Mgonjwa akisema amepigwa na umeme hadi mguuni, usisukume dawa, chomoa, anza upya mahali pengine. Mtoto hawezi kusema umeme. Yowe lisilo la kawaida lichukueni kuwa neno hilohilo. Baada ya sindano, mwambie akunje vidole vya mguu kwenda juu kabla hajatoka mlangoni.

Nigeukie na sisi wazazi, maana lawama si zenu peke yenu. Tumejenga imani kwamba asiyechomwa hajatibiwa. Mtu anatoka na dawa mseto mkononi, vidonge vya siku tatu vyenye kutibu malaria isiyo kali sawasawa, ananung'unika kwamba daktari hakumjali, anaingia duka la jirani kununua sindano. Maumivu ya kiuno, sindano. Uchovu wa shamba, sindano. Mwenye duka anaona fedha, na anayeshika bomba ni kijana aliyeajiriwa kuuza. Mtoto anayeweza kumeza na hatapiki kila kitu hahitaji sindano ya homa. Mzazi, ukiambiwa hivyo, usimtukane aliyekuambia.

Mguu ukilegea baada ya sindano, msianze na maji ya moto wala kukanda kwa nguvu. Ngozi yenye ganzi huungua bila mtoto kujua. Msianze na maneno ya kurogwa pia, kwa sababu muda ndio unaopotea. Uzi wa neva ulio hai hukua karibu milimita 1 kwa siku. Kwa mtoto, kutoka kalioni hadi misuli iliyo chini ya goti ni miezi mingi. Kwa mtu mzima yapata mwaka na nusu. Msuli uliokaa bila neva muda huo huanza kugeuka mafuta na kovu. Kwa hiyo tangu wiki ya kwanza unyayo ufungwe bamba uwe pembe ya nyuzi 90 na mguu, mazoezi yafanyike kila siku, ngozi ya unyayo ikaguliwe kila jioni. Kipimo cha umeme wa neva hutoa jibu lenye maana baada ya wiki 3 hivi. Miezi 3 hadi 6 ikipita bila dalili ya kurudi, mtoto aonwe na daktari wa upasuaji wa neva.

Na jambo moja linalosahaulika: mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla lazima aripotiwe, hata kama mna hakika ni sindano. Sampuli mbili za choo, zipishane angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee, ili polio iondolewe shaka. Polio nayo ina hila yake: sindano iliyochomwa msulini wakati virusi viko mwilini inaweza kukiletea kiungo hichohicho kupooza.

Anzeni wiki hii na kadi ya mgonjwa. Andikeni jina la dawa, kiasi, upande wa kulia au kushoto, mahali mlipochoma, saa, na jina la aliyechoma. Yule mama alipoulizwa mtoto alichomwa dawa gani, alitoa karatasi iliyoandikwa neno moja: sindano.

Mama yenu,
muuguzi mstaafu