Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Desturi yetu ni kuanza na hesabu. Mwaka huu naomba radhi, naanza na msiba.

Mwezi wa Machi, masika yakiwa ndiyo kwanza yanabisha hodi Nairobi, tulimzika mzee wetu, mrushaji wa mpira wa klabu hii ya kriketi kwa miaka mingi na mtunza uwanja wa shule tunayochezea hadi leo. Kwa ombi la familia siandiki jina lake hapa. Hakuna kati yenu asiyelijua.

Vijana mlimkuta amekwisha kuwa mzee wa chokaa na rola, lile gurudumu zito la kushindilia ardhi. Sisi tulimjua kwanza kwa mpira. Hakuwa na kasi. Alipiga hatua nne tu, akauzungusha kwa vidole, mpira ukaelea hewani hadi mpigaji akadhani ni zawadi. Ukigusa chini unageuka, na nyuma ya mpigaji wiketi, vile vijiti anavyovilinda, zinalia. Wakati huo viwanja vingi tulivyotembelea vilitandikwa mkeka, na kwenye mkeka kila mtu alijua mpira utakavyoruka. Yeye alipenda ardhi yenyewe. Alituambia mkeka hausemi kitu.

Na ardhi ile aliisemesha kweli. Wenye mashamba mnaujua udongo wetu mweusi: ukinyeshewa unavimba, ukikauka unapasuka. Kuutengeneza uwe pichi, ule ukanda wa katikati ya uwanja mpira unapodundia, wa mita 20 na ushee, ngumu, isiyomrushia mtoto mpira usoni, ni kazi ya subira. Alimwagilia jioni, akasubiri, kisha akapiga magoti na kubonyeza kwa kidole gumba. Udongo ukinata, rola isiguswe, itauchuna kama ngozi. Ukimeguka, umeshachelewa. Ukibaki na alama ya dole na dole likatoka safi, basi haya, wavulana, sukumeni! Tukasukuma polepole, kwenda na kurudi, tukidhani ni adhabu. Mstari wa mpigaji, ulio mita 1.22 mbele ya wiketi, aliupima kwa kijiti alichokikata mwenyewe.

Siku moja siisahau. Tarehe 29 Februari 1996, kule Pune, India, Kenya ilipata mikimbio 166 tu dhidi ya West Indies katika Kombe la Dunia. Wengi tulikata tamaa. Kisha Rajab Ali wetu akamtoa Brian Lara, mpigaji nyota wao, Maurice Odumbe akachukua wiketi tatu, yaani akatoa wapigaji watatu, kwa mikimbio 15, na West Indies wakaisha kwa 93. Nilitoka mbio kumpa habari. Alikuwa amechuchumaa katikati ya uwanja. Alisimama, akavua kofia, akanyamaza kitambo. Halafu akaniuliza: "Pichi ilikuwaje?" Sikuwa na jibu. Leo nadhani ni yeye peke yake Nairobi nzima aliyeuliza hivyo siku ile, na lilikuwa swali la mchezaji.

Sasa niseme linaloniuma. Alistaafu bila hafla. Hatukumwandalia hata chai. Na katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyekaa naye na daftari. Mwezi wa Juni tulijaribu kuiandaa pichi wenyewe. Tukaivingirisha rola udongo ukiwa bado unanata, ukachunika vipandevipande, na mechi mbili za watoto zikaahirishwa. Kosa hilo ni la kamati, na mimi ndiye mwenyekiti wake.

Mengine kwa ufupi. Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma. Ada bado zinasuasua. Wenye madeni, tafadhali. Timu ya wasichana imecheza msimu wake wa kwanza mzima, na nawapongeza walimu waliojitolea.

Kamati inaleta pendekezo moja mbele yenu. Tutenge fedha kidogo kila mwezi ili vijana wawili wajifunze kazi ya uwanja chini ya aliyekuwa msaidizi wa marehemu, ambaye bado ana nguvu na amekubali. Na kila anachokisema kiandikwe. Mjane wake ametukabidhi kile kijiti cha kupimia. Nitakuja nacho mkutanoni, mkishike.

Mvua ikikatika Ijumaa, tukutane Jumamosi saa moja asubuhi kwenye rola. Njooni na viatu visivyo na njumu.

Wenu,
Mwenyekiti