Mlimsifu Raja wa Kolkata, mkawasahau waliomlipia

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma huu mwaka wa 22 na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Mengi yameniudhi nikanyamaza, nikasema watu wana kazi nyingi, watakosea tu. Lakini ile makala ya Jumapili kuhusu Raja Radhakanta Deb, yule tajiri wa ardhi wa Kolkata aliyegawa kamusi ya Kisanskriti bure, imenikwama kooni tangu siku ile mpaka leo Alhamisi, na naona nisipoitoa haitatoka yenyewe.

Sisemi mmedanganya. Kamusi ipo, Shabdakalpadruma, yaani mti wa maneno, kwa mfano wa ule mti wa hadithi za Kihindu ambao ukiusimamia chini ukaomba unapewa. Juzuu ya kwanza ilitoka 1822, ile ya nyongeza ikatoka 1858, hesabuni wenyewe, miaka 36 mtu anashughulikia kitabu kimoja. Alikuwa na matbaa yake mwenyewe, akachapa kwa herufi za Kibengali, juzuu nane, akazituma kwa wasomi wa India na wa Ulaya bila kudai hata senti. Mfalme wa Denmark akamtumia medali. Wale waliotunga ile kamusi kubwa ya Kisanskriti na Kijerumani iliyoanza kutoka St. Petersburg 1855 wamemnukuu tena na tena. Hayo yote nayakubali, na mimi ni mtu wa maneno, kazi kama hiyo naivulia kofia. Tena sio kitu cha mbali na sisi, laki tunayohesabia pesa ni neno la Kisanskriti, sukari na pilipili asili yake huko huko, yamepita kwenye midomo ya Waajemi na Waarabu na Wahindi mpaka yakafika jikoni kwetu.

Sasa mbona mmeandika kama vile hiyo pesa ilimshukia kama mvua? Mmesema "alizaliwa kwenye ukoo wenye neema" mkapita. Neema gani? Babu yake, Nabakrishna Deb, alikuwa karani na mkalimani wa Waingereza wa Kampuni ya India Mashariki, wakati wa Clive, yule jemadari wao, na ukoo ulitajirika pale Kampuni ilipoishika Bengal, ile nchi ulipo mji wa Kolkata, baada ya vita vya Plassey 1757. Halafu 1793 Waingereza wakaweka ule utaratibu wa zamindari, kwamba mwenye ardhi anailipa Kampuni kiasi kilekile kila mwaka, hakipandi hakishuki, na anachokusanya juu ya hapo ni chake. Anakusanya kwa nani? Kwa mkulima. Huko Bengal mkulima anaitwa raiyat, na hilo neno ni ndugu wa raia wetu, limetoka kwenye Kiarabu kilekile. 1799 ikaja sheria nyingine ikampa mwenye ardhi nguvu ya kukamata mazao na mali ya mkulima akichelewesha kodi. Utaratibu huu wa zamindari jimbo la West Bengal, upande wa Bengal uliobaki India, liliutungia sheria ya kuufuta 1953, yaani miaka 160 watu wanalima na mwingine anahesabu. Kwahiyo mkisema kamusi ilitolewa bure, bure kwa nani jamani? Msomi wa London aliipata bure. Raiyat aliilipia kwa mpunga wake na wala hakuiona, na angeiona asingeweza kuisoma.

Na kingine, makala nzima mmeandika "Raja alikusanya", "Raja alitafsiri", "Raja alipanga maneno". Alikuwa msomi kweli, sikatai, lakini aliajiri wapandita, wale walimu wa Kisanskriti, wakakaa pale nyumbani kwake Shobhabazar wakichambua vitabu vya kale neno kwa neno. Hamjataja hata mmoja. Hamjasema hata kwamba walikuwepo!

Hapa ndipo mmenigusa kidonda, na mnivumilie nieleze. Zamani kidogo tajiri mmoja wa huku kwetu, mwenye minazi na viwanja, jina silitaji, alitaka kitabu cha maneno ya bahari. Akaniajiri mimi niende na daftari kwa wazee, Kilwa Kisiwani mpaka Songo Songo, miaka miwili. Kulikuwa na nahodha mmoja mzee, macho yameshaanza kuingia ukungu, huyo peke yake alinijazia madaftari mawili. Hakunieleza kwa mdomo tu, alinitoa nje akanishika mabega akanigeuza mpaka upepo ukanipiga shavu moja, akasema huku joshi, upepo unakotoka, huku demani, unakokwenda, usichanganye, ukichanganya umezamisha watu. Mkuku, fashini, hanamu, foromali, kila kimoja alinishikisha kwa mkono kwenye jahazi bovu lililokuwa limepandishwa ufukoni. Siku ya uzinduzi kukapigwa maturubai, pilau, spika, tajiri akaongea saa nzima. Mzee akaja na kanzu safi ya Ijumaa. Akapewa nakala. Akakaa kwenye kiti cha plastiki pale nyuma, analamba kidole gumba anafungua ukurasa, analamba anafungua, taratibu, tangu mwanzo. Kurasa mbili za mwanzo ni picha ya tajiri na shukrani za tajiri kwa familia yake. Akafika mwisho akarudi mwanzo tena. Halafu akaniita, "Mwanangu, mimi nipo ukurasa wa ngapi?" Nikamwambia, "Mzee wangu, watakuweka toleo la pili." Nilikuwa najua halipo toleo la pili, na kweli halikuwepo, na mzee ameshafariki, na ile nakala yake mjukuu wake alinionyesha, kurasa za mwanzo zimechakaa pembeni kwa vidole vyake, alikuwa bado anatafuta. Sasa nyie mkiniandikia "Raja alikusanya maneno" mnataka nihisi nini? Kila kamusi ya dunia hii ina mtu wa namna hiyo nyuma yake, na kila mkiandika habari ya mfadhili mnamfuta mara ya pili.

Bado sijamaliza. Mmemwita "mtetezi wa elimu na utu." Elimu sawa, alikuwa kwenye uongozi wa Hindu College, chuo cha hapo Kolkata, na alitetea wasichana wafundishwe wakati wenzake wengi hawataki hata kusikia, hilo la kumpongeza na nyie hamkuliandika hata, sijui kwa nini. Lakini utu? Desemba 1829 Gavana Bentinck alipiga marufuku sati, yaani mjane kuchomwa hai pamoja na maiti ya mumewe. Mwezi uliofuata wakubwa wa Kolkata wakaunda Dharma Sabha kupinga hilo katazo, na Radhakanta Deb ndiye alikuwa mbele, wakapeleka malalamiko mpaka London, yakakataliwa 1832. Miaka ya 1850 Vidyasagar, msomi wa Kisanskriti wa hapohapo Kolkata, alipopigania wajane waruhusiwe kuolewa tena, ni Raja huyuhuyu aliyeongoza watu kutia sahihi za kupinga, maelfu ya sahihi, ila sheria ikapita 1856. Huyu ndiye mliyemwita mtetezi wa utu na mkaweka picha nusu ukurasa! Mjane wa Bengal hana mtu wa kumwandikia makala, mhariri. Angalau msimfiche. Mtu anaweza kutoa kamusi nzuri kuliko zote na hapohapo akawa amesimama upande wa moto, na msomaji ana haki ya kujua yote mawili, sisi sio watoto.

Na jambo tamu kuliko yote kwenye habari hii mmeliacha kabisa. Chuo cha Kisanskriti cha serikali kilifunguliwa Kolkata 1824, kikawa kinapokea vijana wa Kibrahmani na wa Vaidya tu, yaani matabaka mawili ya Kihindu. Radhakanta Deb alikuwa Kayastha, tabaka jingine. Maana yake miaka yote ile, juzuu baada ya juzuu, kijana wa jamii ya mtu anayechapa kamusi ya Kisanskriti alikuwa haingii kwenye lango la chuo cha Kisanskriti cha mji wake. Aliyekuja kufungua huo mlango ni Vidyasagar, 1851, yuleyule ambaye baadaye Raja alimpinga kwenye mambo ya wajane. Hapo ndipo ungeona kwa nini mtu anaweka mali na umri wake wote kwenye maneno, lakini nyie mmejaza nafasi na orodha ya vyeo vyake.

Nafasi nayo ni lawama nyingine, maana najua mtajibu kwamba nafasi ilikuwa ndogo. Ndogo kwa sababu gani? Ukurasa wa lugha wa Jumapili ulikuwa mzima, mkaukata nusu, sasa hivi umebaki robo na kwingine kote ni matangazo ya kubeti. Vijana wa mtaani kwangu wanakata ule ukurasa wanabaki na odds za mechi, robo ya lugha inafungia karanga. Zamani kulikuwa na kona ya maneno ya wasomaji, mtu wa Pemba anaandika neno lake, wa Ujiji lake, mmeitoa kimyakimya bila hata kuaga.

Ninachoomba sio kikubwa. Kila mkiandika habari ya mfadhili, awe wa India au wa hapa Lindi, chini ya picha yake wekeni kiboksi cha mistari 12, maandishi yaleyale ya makala, sio yale madogo ya kutafuta kwa miwani. Mistari minne ya kwanza, pesa ilitoka mikononi mwa nani. Minne inayofuata, kazi ilifanywa na nani, kwa majina, na kama majina hamna semeni majina hatuna. Minne ya mwisho, huyu mtu alipinga nini wakati wake. Mkikosa nafasi punguzeni picha. Na kwa Raja Radhakanta Deb naomba kiboksi hicho kitoke Jumapili hii ukurasa uleule mlioweka picha yake, wajane wawemo na wapandita wawemo.

Nitamnunulia nakala mjukuu wa yule nahodha.

Msomaji wenu,
Kilwa Masoko