Malalamiko kuhusu seti tatu za Sakura Wars zilizouzwa kinyume cha maelezo yake

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SETI TATU ZA SAKURA WARS ZA SEGA SATURN

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kampuni yenu ilituuzia seti tatu za mtumba kutoka Japani. Kila moja ilipaswa kuwa na mashine ya michezo ya video ya Sega Saturn, pedi moja ya kuchezea, waya wa picha na sauti, waya wa umeme, na mchezo wa Sakura Wars wenye diski mbili. Tangazo lilisema mambo manne: seti zimekamilika, zimejaribiwa, ziko tayari kuchomekwa, na mchezo uko kwa Kiingereza. Katika hayo manne, hakuna hata moja lililosimama.

Mashine moja imeungua. Seti ya pili ina diski za michezo miwili tofauti. Ya tatu ina diski ambazo Saturn haiwezi kuzisoma kabisa. Zote tatu zilikuja na betri zilizokufa. Tunaeleza kila kasoro pamoja na chanzo chake, ili fundi wenu ahakikishe mwenyewe kwa macho bila kutegemea maneno yetu.

Kubwa kuliko yote ni umeme, na hili tunaomba mlisome hata kama mengine mtayaweka kando kwanza. Saturn ya Japani imetengenezwa kwa volti 100, na lebo ya mashine inasema hivyo waziwazi. Umeme wetu ni volti 230. Ubao wa umeme wa Saturn umo ndani ya mashine yenyewe, haukai nje kwenye waya kama wa kompyuta ya mkononi, kwa hiyo asiyesoma lebo hana dalili nyingine ya kumtahadharisha. Tundu la waya nalo ni lile la pini mbili lenye umbo la nane, sawasawa na la redio nyingi zinazouzwa hapa. Waya wowote wa redio unaingia bila kulazimishwa. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mashine haina kitu cha kumzuia mtu kuichomeka, na ninyi mliweka kwenye kifurushi waya wenye plagi ya pini tatu bapa pamoja na karatasi inayosema chomeka, washa, cheza.

Kinachotokea ndani ni hiki. Umeme wa ukutani ukiingia hunyooshwa, yaani hugeuzwa uende upande mmoja tu, na kujazwa kwenye kapasita moja kubwa, kifaa cha kuhifadhi umeme. Kwa volti 100, kapasita hiyo hubeba takriban volti 141. Kwa volti 230, inadaiwa ibebe takriban 325. Kapasita za kazi hiyo kwenye vifaa vya volti 100 kwa kawaida huandikwa volti 200, kwa hiyo haiwezi. Kichwa chake huvimba, kikapasuka kwenye mistari iliyochongwa juu, dawa ya ndani ikamwagika kwenye ubao, na fyuzi ikakatika. Mashine tuliyoirudisha ina dalili zote hizo. Fungueni kifuniko muone: kapasita imevimba kama andazi, kioo cha fyuzi kimekuwa cheusi, na shombo kama la samaki bado linasikika ukiinusa kwenye matundu ya hewa. Fundi akibadilisha fyuzi peke yake na kuchomeka tena palepale, ataunguza mara ya pili.

Seti nyingine mbili zilipona kwa sababu zilijaribiwa kwa transfoma ya kushusha umeme, ile mafundi wanayoiita stepudauni, ambayo haikutoka kwenu. Mlichoweka ninyi kwenye seti hizo mbili ni kile kiplastiki cha kubadilisha umbo la pini. Hicho hakishushi hata volti moja. Transfoma inayofaa ni ya kutoa volti 100, na yenye uwezo wa VA 100 inatosha na kuzidi, maana Saturn haili umeme mwingi. Nyingi zilizojaa madukani hutoa volti 110 kwa ajili ya vifaa vya Marekani, kwa hiyo anayenunua asome maandishi ya upande wa kutoa. Na kama fundi wenu atafikiria kuhamisha ubao wa umeme kutoka Saturn ya Ulaya, ahesabu kwanza pini za kiunganishi, kwa kuwa mbao za matoleo tofauti hazilingani zote.

Tunajua kuna wateja wengine wamenunua shehena hiyo hiyo. Wapigieni simu leo. Mashine ya volti 100 kwenye soketi ya 230 inaweza kuwasha moto sebuleni mwa mtu.

Sasa diski. Majibu ya simu kutoka kwenu yalikuwa kwamba huu ni mchezo wa maroboti tu, na diski yoyote ya jina hilo ni sawa. Si sawa, na inafaa mjue mnauza nini.

Sakura Wars, kwa Kijapani Sakura Taisen, ilitoka tarehe 27 Septemba 1996. Aliyeiasisi ni Oji Hiroi, wahusika wakachorwa na Kosuke Fujishima, muziki ukatungwa na Kohei Tanaka. Hadithi iko Tokyo ya enzi ya Taisho (1912 hadi 1926), lakini ni Taisho ya kubuni: kwenye herufi ya kwanza ya jina la enzi wameongeza nukta moja ndogo, na nukta hiyo ndiyo inayomwambia msomaji wa Kijapani kwamba hii si nchi ya vitabu vya historia. Mvuke unaendesha kila kitu. Wasichana sita wanaoimba na kuigiza kwenye ukumbi wa maonyesho wa Ginza ndio hao hao wanaoingia ndani ya Koubu, deraya nzito za chuma zinazotembea kwa mvuke na kwa nguvu ya kiroho ya aliye ndani, kupigana na mapepo yanayouvamia mji. Hata jina la kikosi lina sura mbili. Neno kagekidan likiandikwa kwa herufi za kawaida ni kundi la tamthilia za kuimba, na likiandikwa kwa herufi za mchezo huu, bila matamshi kubadilika, linakuwa kikosi cha mashambulizi chenye herufi ya ua ndani yake.

Mchezo wenyewe una nusu mbili zinazolishana. Nusu moja ni vita vya zamu, kila Koubu na rangi yake: ya Sakura waridi, ya Sumire zambarau, ya Maria nyeusi, ya Iris njano, ya Kohran kijani, ya Kanna nyekundu, na ya kapteni Ogami nyeupe. Nusu ya pili ni mazungumzo chini ya mfumo unaoitwa LIPS. Mchezaji huwekewa majibu mawili matatu na kipimo cha muda kinachopungua mbele ya macho. Akichelewa, ukimya wake unahesabiwa kuwa jibu, na mara nyingine ndilo jibu bora. Imani ya msichana kwa kapteni ikipanda, nguvu yake vitani inapanda. Ikishuka, Koubu yake inaingia vitani dhaifu. Kwa hiyo kila jibu la mwanzoni linabebwa hadi mwisho, kutoka diski ya kwanza kwenda ya pili.

Seti yetu ya pili ina diski ya kwanza ya mchezo wa 1996 na diski ya pili ya Sakura Wars 2, mchezo mwingine kabisa wa mwaka 1998 wenye diski tatu. Mchezo unapofika katikati huomba diski yake ya pili, na iliyopo ukiiweka haitambuliwi. Mchezaji amekwama hapo daima. Kulizuia hili ni kazi ya dakika moja ghalani: kila diski ya Saturn iliyotolewa na Sega nchini Japani ina namba inayoanza na herufi GS. Linganisheni namba ya diski ya kwanza, ya diski ya pili na ya mgongoni mwa kasha. Zikitofautiana, hiyo si seti. Aliyepanga diski hizi aliangalia picha ya msichana mwenye upanga na kimono, akaona zinafanana, akafunga kasha.

Seti ya tatu ndiyo inayotuuma zaidi. Diski zake mbili ni za kunakili. Chini zina rangi ya kijani, rangi ya dawa ya diski tupu za kurekodia, wakati diski halisi ni ya fedha. Diski halisi ya Saturn ina pia ukanda mwembamba ukingoni kabisa. Ukiuinamisha kwenye mwanga wa dirisha utaona jina la SEGA limechapwa ndani yake. Mashine husoma ukanda huo kabla ya kuanzisha mchezo, na kifaa cha kurekodi diski cha kompyuta hakiwezi kuuandika. Matokeo yake ni kwamba Saturn isiyochezewa, yaani ambayo fundi hajaibadilisha ndani ili ikubali nakala, huzikataa diski hizo, kwa kuleta ujumbe kwamba diski haifai kwa mfumo huu. Mashine mliyotuuzia haijachezewa. Maana yake hakuna mtu wa kwenu aliyewahi kuijaribu mashine hii pamoja na diski hizi, ingawa kibandiko kinasema imejaribiwa.

Na hapo ndipo lilipotoka lile neno Kiingereza. Mchezo wa kwanza wa Sakura Wars haujawahi kutolewa rasmi kwa Kiingereza kwenye Saturn. Uliotangulia kutoka rasmi kwa lugha hiyo ni wa tano, So Long, My Love, wa Japani mwaka 2005, uliofika Amerika Kaskazini mwaka 2010 kwenye PlayStation 2 na Wii. Kisha ukafuata ule wa PlayStation 4, uliotoka Japani Desemba 2019 na kwingineko Aprili 2020. Maandishi ya Kiingereza ya ule wa Saturn ni kazi ya wapenzi wa mchezo waliojitolea, wakaitoa bure mwaka 2019. Mtu amechukua kazi hiyo ya bure, akairekodi kwenye diski tupu, akaweka kwenye kasha la asili, na kampuni yenu ikaiuza kwa bei ya kitu halisi. Watu hao walitoa jasho lao ili anayependa mchezo huu ausome, na hawakustahili kutendewa hivi. Kwa mnunuzi nalo si jambo dogo: penye kipimo cha muda wa sekunde chache, asiyesoma Kijapani hawezi kufungua kamusi. Lugha ndiyo iliyoamua ununuzi.

Kuhusu betri. Saturn ina kumbukumbu ya ndani ya kilobaiti 32, inayotunzwa na betri ya kifungo aina ya CR2032. Betri ikifa, mashine huuliza lugha na saa kila inapowashwa, na kila kilichohifadhiwa hupotea ukizima. Mashine zote tatu zilikuwa hivyo, hata ile iliyoungua, kwani betri yake tuliipima kwa mita. Kwa mchezo ambao imani ya wasichana inajengwa kipindi kwa kipindi, hilo linafuta kila kitu. Betri haihitaji hata bisibisi: kuna kifuniko kidogo nyuma ya mashine, unakivuta kwa kucha. Kama ndani kuna data ya kuokolewa na betri haijafa kabisa, ibadilisheni mashine ikiwa imewashwa, bila diski, maana wakati huo kumbukumbu inalishwa na umeme wa ukutani.

Yako madogo pia: ukanda wa karatasi wa kasha haupo kwenye seti yoyote ingawa picha ya tangazo inauonyesha, na kijitabu kimoja hakipo.

Mlisema kwa simu kwamba tatizo ni televisheni yetu. Televisheni isiyokubali mfumo wa picha wa Japani, NTSC, huonyesha picha isiyo na rangi au inayozunguka. Haivimbishi kapasita, wala haigeuzi diski kuwa kijani.

Tunachodai ni hiki. Kwa seti iliyoungua, mturudishie fedha zote, si matengenezo. Kwa seti ya pili, diski ya pili halisi ya mchezo wa 1996, na mkiikosa, fedha zote. Kwa seti ya tatu, diski mbili halisi za Kijapani pamoja na kurudishiwa sehemu ya bei, kwa kuwa Kiingereza kilichoahidiwa hakipo wala hakitapatikana, au fedha zote. Kwa seti zitakazobaki kwetu, CR2032 mpya na transfoma ya kutoa volti 100 kwa kila moja, kwa gharama yenu. Nauli ya kurudisha mzigo ni juu yenu. Tangazo lirekebishwe, liseme volti 100 na lugha ya Kijapani. Na wateja wengine wa shehena hiyo waarifiwe kwa maandishi wasiichomeke mashine moja kwa moja.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Tunawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, tutapeleka barua hii, picha na mashine iliyoungua kwenye Tume ya Ushindani. Suala la kuwaarifu wateja wengine halingoji siku hizo 14.

Wenu,

Wanunuzi wa seti tatu

Viambatisho: nakala za risiti tatu, picha ya tangazo, picha ya kapasita na fyuzi, picha za diski zote sita pande zote mbili.